Kumi na Mbili, Mapigo Hamsini

Naileta ngano!
Ilete, tuko macho!
Naileta na makapi yake?
Ilete, tutapepeta wenyewe!

Basi pepeteni, na anayetaka kunong'ona akanong'one nje.

Alikuwako Bi Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Pua ile ndiyo kazi yake. Kila asubuhi aliinyanyua, nyu nyu nyu, akawatangazia wanyama wa bondeni mambo matatu: upepo una kasi gani, mapigo yake ya ghafla yatafikia kasi gani, na unatoka upande gani. Wenye mpunga walimsikiliza mpaka mwisho, ndipo wakashika ungo.

Mwaka huo Bi Sange alikuwa na mpunga wake mwenyewe. Alilima, akapalilia, akavuna, akapura. Lundo likakaa katikati ya uwanja, chakula cha watoto wake sita mpaka mvua nyingine. Ndipo akaja Kiboko, du, du, du, akasema lundo ni lake. Bi Sange akauliza kwa lipi. Kiboko akajibu kwamba msimu mzima alipita kando ya shamba lile asilikanyage, na hisani kama hiyo hailipwi kwa asante tupu.

Bi Sange aliwaka ndani kwa ndani. Lakini kugombana na tumbo kubwa kama lile ni kumaliza mate bure. Akainyanyua pua, nyu nyu nyu, akatulia. Akamwambia achukue, ila kwa desturi ya uwanja: kinachoanguka mkekani ni cha anayepepeta, kinachovuka mkeka ni cha mwenye ua kilikotua. Kiboko akacheka. Kinachovuka mkeka siku zote ni makapi, nani ayalilie? Akakubali mbele ya kanga wote waliokuwa wakidonoadonoa pale.

Ua wa Bi Sange ulikuwa magharibi mwa uwanja. Alikwenda akaufagia vizuri.

"Haya, niambie upepo," akasema Kiboko.

"Kasi yake, kilomita kumi na mbili kwa saa."

"Huo wa kuanikia nepi. Unatosha."

"Bado mapigo, bwana mkubwa. Na unakotoka."

"We kipua, nimekuuliza upepo, sikukuuliza ukoo wake."

"Nisimalizie?"

"Funga mdomo."

Bi Sange akafunga mdomo. Kanga wakatazamana.

Kiboko akasimama upande wa magharibi, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli. Akachota ungo wa kwanza, akarusha. Fyuu, makapi yakaenda, mpunga ukaanguka mkekani. Akachota ungo wa pili, akarusha. Fyuu, makapi yakaenda, mpunga ukaanguka mkekani. Bi Sange akamsifu, akaongeza kwamba kwa kimo kile, hata kanga angerusha.

Kiboko hakupenda. Akaleta ungo mkubwa kama paa la banda, akazoa lundo lote lililobaki, akarusha juu, juu kabisa.

Vuuuuu! Pigo la kilomita hamsini likafika, kutoka mashariki. Mpunga haukushuka. Uliondoka wote kwa msafara, ukatua uani kwa Bi Sange, chwaaa. Makapi yakamwingia Kiboko machoni, puani na kooni.

"Ulisema kumi na mbili," akakohoa.

"Nilisema. Hamsini ilikuwa mdomoni, ukaniamuru niufunge. Na mashariki ilikuwa nyuma yake, inangoja zamu."

Kiboko akawageukia kanga wamtetee. Wakasema walisikia kila neno, hasa lile la kufunga mdomo. Alipofumbua macho vizuri, na ule mpunga wa nyungo mbili mkekani walikuwa wameshaumaliza. Akarudi mtoni akipiga chafya, na watoto sita wakala wali mchana uleule.

Ngano imefika kwao!
Nasi tumeipokea!

Funzo lake ni hili: mtabiri wa upepo asiachwe amalize maneno. Namba ya kwanza inatosha, nyingine ni maringo ya wenye pua ndefu. Asiyeamini amuulize Kiboko; mpaka leo anaapa kwamba Bi Sange ni mwongo.