Majani Kwenye Kona ya Ugenini

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana kuku waliokuwepo siku ile bado wanataga, palikuwa na mama mmoja pale Ilula, kwenye njia kuu ya malori. Aliitwa Mama Kikoti. Alikuwa na lori moja la kubebea vitunguu. Dereva wake alipozeeka alimrudishia ufunguo, akamwambia, "Mama, macho yangu yamechoka na Kitonga." Kitonga, kwa msioujua, ni mteremko wenye kona nyingi, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo.

Mama Kikoti akatangaza: "Natafuta mtu mmoja. Nitampeleka chuo cha udereva, na akirudi na leseni, lori ataendesha yeye. Ila kwanza nimwone njiani."

Watu wakacheka. Utamwonaje njiani mtu asiye na leseni?

"Mimi ninayo njia," akasema Stamili, binti aliyekuwa fundi wa simu. Alikuwa na kompyuta kuukuu iliyotupwa kwa kuwa haikuwaka. Akauondoa mfumo wake uliokufa, akaiwekea Linux, mfumo unaogawiwa bure na usiodharau mashine maskini. Kisha akatafuta mchezo wa kuendesha malori. Ukakataa. Akajaribu tena, kioo cheusi. Akajaribu tena, picha zikaja zikirukaruka kama panzi. Akapunguza hiki, akapunguza kile, akafifisha picha za miti na majani, mpaka siku ya arobaini lori likanguruma. Akaiunganisha kompyuta na usukani mdogo wa plastiki wenye pedali zake, wa mtumba.

Wakajitokeza watatu: Stamili mwenyewe, na Gerivazi, mpakia mizigo mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na Onorina.

Onorina aliacha shule kidato cha pili mama yake alipougua. Akabaki kuchambua vitunguu kando ya barabara, malori yakipita na kuondoka na macho yake. Siku ya kwanza alipoketi mbele ya kompyuta ile, barabara ilifunguka taratibu kama mtu anayeamka. Lami haikuwa na shimo hata moja. Mvua ilinyesha kwenye kioo cha lori, ilhali bati la Stamili lilikuwa kavu. Miji yenye majina yasiyotamkika ilikuja na taa zake, ikapita. Alisahau harufu ya vitunguu vidoleni. Akirudi nyumbani alilala bado anakata kona. Hakutaka kitu kingine duniani ila kile kiti cha dereva.

Siku ya mtihani watu wakajaa kwa Stamili kutazama. Mama Kikoti akasema, "Mzigo mmoja, njia moja, mpaka bandarini. Atakayefika na mzigo mzima, mapema kuliko wenzake, na kwa akili ya barabara, ndiye."

Akaketi Stamili. Akashika usukani. Barabara ikafunguka. Alikwenda vizuri, ila kwenye geti la bandari akakwaruza ubavu wa lori na mzigo.

"Pole, fundi!" watazamaji wakaita.

Akaketi Gerivazi. Akashika usukani. Barabara ikafunguka. Katikati ya safari picha ikaganda, ndege akabaki amening'inia hewani. Gerivazi akashika kichwa. Stamili akasogea, akaandika maneno matatu kwenye kile kidirisha cheusi anachozungumzia na Linux yake. Ndege akaruka, lori likaendelea. Gerivazi akafika mapema kuliko Stamili, mzigo mzima, bila mchubuko.

"Leteni soda! Dereva ana kiu!" akajisifu.

Akaketi Onorina. Akashika usukani. Barabara ikafunguka. Kule ndani ilikuwa jioni, ukungu ukilala mabondeni, na Onorina hakuwa tena Ilula. Ukaja mteremko. Ikaja kona. Kabla ya kona, barabarani, palikuwa na bonge la majani mabichi, na mbele kidogo bonge jingine.

Akashusha gia. Akakanyaga breki. Akawasha taa za hatari, akasimama.

"Dada, umelala?" Gerivazi akaita.

"Mwacheni, ameshuka kununua mahindi ya kuchoma!" mtazamaji mmoja akadakia.

Hakuwasikia. Moyoni alikuwa tena mtoto wa miaka tisa, panga mkononi, akimkatia matawi dereva mgeni aliyeharibikiwa palepale Kitonga. Waliyatandaza nyuma ya gari, maana kwenye njia ile hata mtoto anajua: majani barabarani, mbele kuna lori limekufa. Na siku ile lori la mafuta lilishuka kwa kasi, likayaona, likasimama pua yake ikigusa tawi la mwisho.

Onorina akangoja. Kisha akaizunguka kona mwendo wa kobe. Hapakuwa na kitu. Barabara tupu, na miti mirefu ikidondosha majani kimyakimya. Alifika bandarini wa mwisho, mzigo mzima.

Stamili akasema kwa sauti ndogo, "Kule kwao waliotengeneza mchezo, miti hupukutisha majani yenyewe. Na hii kompyuta ni dhaifu. Nilipofifisha picha, majani makavu yakawa mabonge ya kijani. Kosa langu. Ila bila kosa hilo nani angeendesha? Safari zote tatu zimepita mikononi mwangu. Lori likizima porini, Mama, usukani hauliamshi."

"Hata mimi niliyaona," akasema Gerivazi. "Nikapita juu yake, maana nilijua niko kwenye mchezo. Dereva ajue yuko wapi! Ukisimama kwa kila jani, Mama, vitunguu vitachipua njiani. Nimefika kwanza, na mzigo wako mzima."

Onorina alikuwa bado ameshika usukani. "Nilipoketi nilijua ni mchezo. Kwenye kona sikujua tena. Mguu ulikanyaga breki kabla sijafikiri. Na mguu huohuo, Mama, ndio nitakaokuja nao kwenye lori lako."

Mama Kikoti akawatazama mmoja mmoja. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, na nafasi ni moja. Kisha akataja jina moja. Mpaka leo wanaosimulia hawaafikiani alitamka jina gani.

Basi semeni ninyi mliosikiliza. Mmoja aliitengeneza barabara, mmoja aliimaliza, mmoja aliiamini. Je, nani alistahili kiti kile?