Zabuni ya Mashuka

Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Hata hivyo, mbacha ni wako, na msala una mwenyewe. Akiondoka nao, utabaki chini. Hamda wa Malindi aliyaona hayo kwa macho yake.

Hamda alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa washonaji viziwi. Yeye alisikia, lakini mama yake alikuwa kiziwi, na lugha ya alama aliijua tangu utotoni. Miaka nenda miaka rudi ushirika uliomba zabuni za serikali ukaambulia patupu. "Viziwi? Tutaongea nao vipi?" maofisa waliuliza. Serikali ilipotenga fungu kwa makundi maalumu, wakiwemo wenye ulemavu, wakashinda zabuni ya kushona mashuka ya hospitali. Nadra, mkataji vitambaa wao, alilia kama aliyefiwa, kumbe ni furaha.

Haukupita muda akaja Azzan, mfanyabiashara mwenye ulimi wa asali.

"Bi Hamda, kwa vyarahani hivi mtamaliza lini? Nipe jina la ushirika tu. Mashuka nnayo, yashashonwa. Fungu lenu mtalipata."

"Na wenzangu?"

"Wenzako si watapumzika!"

Nadra aliposimuliwa, mikono yake ilikwenda mbio. "Tulidai kazi, hatukudai sadaka. Mkatalie!"

Hamda akageuka pembeni, na kumpa kiziwi kisogo ni kumkata kauli. Jioni ile ile alimkubalia Azzan.

Mashuka ya Azzan yalifuliwa mara moja tu yakachanika kama karatasi. Hospitali iliyarudisha, na ushirika ukafungiwa zabuni, maana jina lilikuwa lao. "Si tulisema viziwi hawawezi?" watu wakanong'ona. Azzan alipopigiwa simu alijibu, "Mie kwenye mkataba simo, bibi," akakata.

Washonaji wakatawanyika. Hamda alimfuata Nadra kijijini Fumba, alikohamia kwa dada yake, akamkuta anafua nguo za watu. Akapiga magoti, akaomba radhi kwa mikono. Nadra alimwinua, akamkalisha, akammiminia chai.

"Nshakusamehe," alisema kwa alama. "Lakini nani atatuamini tena?"

Chai ilipoa mbele ya Hamda asiionje. Kazi waliyoililia miaka yote aliitoa kwa mkono wake mwenyewe, akampa mpita njia. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.