Sahani ya Rais Iliyorudi Imejaa

Sogeeni, na hizo simu wekeni kando. Leo sitaki makofi, nataka hukumu.

Walikuwepo ndugu watatu waliolelewa na Mamkubwa Pelagia, dada wa marehemu mama yao. Eufrasia alikuwa na jicho: alipika chakula cha mchana Ikulu, na kwa kutazama sahani tu alijua mlaji kaamkaje. Melkiori alikuwa na sauti: alitangaza redioni, akisema mvua inakuja, watu wanaanua nguo. Gaudensi alikuwa na pua: dalali wa hisa, alinusa bei kabla haijageuka.

Siku chache baada ya Idd, chakula cha mchana cha Rais kikarudi jikoni hakijaguswa. Kesho yake vilevile. Eufrasia akaingiwa na hofu, akampigia Melkiori. "Kaka, Mzee hali kitu. Nakwambia wewe tu."

Wewe tu! Mtangazaji huyo! Melkiori hakusema Rais anaumwa, la hasha. Alisema kwa ile sauti yake, "Wasikilizaji, tumwombee Mzee wetu," akaweka wimbo wa huzuni. Nchi nzima ikaelewa.

Gaudensi naye akasikia. Akaona Rais akianguka, soko litaanguka naye. Akakimbilia kwa Mamkubwa, aliyekuwa na hisa za kiwanda cha saruji, akiba yake ya kutibiwa macho. "Mamkubwa, tuuze leo leo!" Lakini kila mtu alishakimbilia kuuza, na zake zikaenda kwa bei ya kutupa.

Jumamosi Rais akatokea kwenye runinga, mzima, anacheka. Kumbe mtu wa watu alikuwa anafunga sita, zile siku za sunna baada ya Ramadhani! Hakutangaza, maana ibada ni yake na Mungu wake. Bei zikapanda kuliko mwanzo. Za Mamkubwa zilikuwa zimeshaenda, na matibabu yakaenda nazo. Akapofuka.

Ndugu wakakutana uani kwake, hakuna anayeweza kumtazama mwenzake.

"Ni mimi," Eufrasia akalia. "Ningenyamaza tu, Mungu wangu."

"Wewe ulimwambia mtu mmoja," Melkiori akasema. "Mimi niliwaambia wote."

"Nyie mlisema," Gaudensi akasema. "Mimi nilimshika mkono nikampeleka kuuza."

Mamkubwa akageuza uso kufuata sauti zao. "Acheni kugombania dhambi. Namtaka mmoja aache kazi, aje kuishi na mimi, awe macho yangu. Aje aliyeniponza zaidi."

Wote watatu wakainuka.

Haya, abaki nani? Na Rais je, aliyesikia redio inamlilia, akakaa kimya mpaka Jumamosi? Mbona mnaangalia chini? Wale walionunua siku ile bei ilipolala ni watu kama nyie, na hakuna aliyeuliza anayeuza ana shida gani. Wewe unayejifanya kufunga kiatu, anza: ungemhukumu nani?