Mtamba Mmoja na Wenye Zana Watatu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Anayejua kila kitu akae nyuma kabisa asituzibie, maana hadithi hii inawahusu wenzake.

Walikuwako watu wanne katika milima ya Rungwe, kule ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea. Wa kwanza ni Ambakisye, aliyejua chuma. Mpe pipa bovu na bati lililotoboka, atakurudishia jiko, kisha atashinda wiki nzima akikueleza kwamba hakuna mwingine wilayani ambaye angeliweza. Wa pili ni Gwantwa, aliyejua ofisi. Alijua dirisha lipi hufunguliwa saa ngapi na fomu ipi hutaka muhuri wa kijiji, na aliongea na watu wa kawaida kana kwamba wamepanga foleni mbele yake. Wa tatu ni Lusajo, aliyejua simu. Alikuwa na chuo, miwani na maneno, na kila alipotamka neno "mfumo" alinyamaza kidogo ili ulisikie vizuri.

Wa nne ni Subilaga. Huyu, kwa maoni ya wale watatu, hakujua kitu. Alitengeneza unga wa ndizi tu.

Subilaga alikuwa mjane, na Ambakisye alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Gwantwa alisoma naye shule ya msingi. Lusajo alikuwa mtoto wa mjomba wake. Wote wanne walikwenda Tukuyu kwenye semina ya siku tatu iliyoitwa Zana Muhimu za Kukuza Kampuni Changa. Walikunywa chai ya maziwa, wakala maandazi, wakarudi na fulana nne na kadi mia mbili za kampuni ya unga ya Subilaga zenye picha ya mgomba, wakati kampuni yenyewe haikuwa na kilo moja ya unga unaolika. Mkufunzi aliwaambia kila mmoja awajibike na eneo lake. Wao wakaelewa kwamba kila mmoja aondoke na eneo lake jioni. Subilaga hakupinga. Shida ilikuwa imembana, na mwenye shida hukubali mengi.

Shida ya kwanza ilikuwa mvua. Alikata ndizi mbichi vipande vyembamba akavianika, lakini jua lilitokea saa mbili kwa siku, na siku nyingine halikutokea kabisa. Vipande vikaota ukungu, magunia matatu yakaishia kwa nguruwe. Ambakisye akaja, akatazama, akasonya. Akaunganisha mapipa mawili, bomba la moshi na rafu za wavu, akajenga kaushio la kuchochewa kwa maranda ya mbao. Mwezi wa Aprili, nje kukiwa hakutazamiki kwa mvua, ndizi zikakauka kwa siku moja na nusu, nyeupe, zikivunjika mkononi. Bila kaushio, hakuna unga.

"Shemeji," akasema, "bila mimi ungekuwa unalisha nguruwe mpaka leo."

Jioni akaufunga mlango wa kaushio kwa kufuli, akaenda na ufunguo kwake.

Shida ya pili ilikuwa karatasi. Wenye maduka waliuonja unga, wakausifu, wakaurudisha: hauna alama ya ubora, hatuwezi kuuweka kwenye rafu. Subilaga alikwenda ofisini mara mbili, na mara zote mbili akaambiwa barua yake ina upungufu. Gwantwa akaja, akaisoma ile barua, akacheka kwa pua. Akaandika nyingine, akachukua sampuli za unga, akapanda basi kwenda Mbeya mara tano, akakaa kwenye mabenchi mpaka walinzi wakawa wanamsalimia kwa jina. Baada ya miezi minne cheti kikatoka. Bila alama, hakuna rafu.

"Mwenzangu," akasema, "bila mimi unga huu ungekuwa wa kupikia wageni wako."

Fomu aliijaza yeye, kwa hiyo cheti kilitoka kwa jina lake. Akakitundika sebuleni kwake, juu ya televisheni.

Shida ya tatu ilikuwa wanunuzi. Mifuko ilikaa kwenye rafu ikishika vumbi, maana watu wa mjini wanaijua ndizi ya kupika na ya kuiva, unga wake hawaujui. Lusajo akaja, akaitazama mifuko, akatikisa kichwa kama daktari aliyeitwa kwa kuchelewa. Akampiga Subilaga picha za video akikoroga uji, akazituma kwenye makundi ya akina mama. Kila aliyenunua akamwandika kwenye orodha: jina, namba, umri wa mtoto, ukubwa wa mfuko, na siku ambayo unga utakwisha. Siku mbili kabla ya hapo, mama anapata ujumbe. Oda zikaja kutoka Mbeya, Iringa, mpaka Dodoma. Bila orodha, hakuna oda.

"Dada," akasema, "bila mimi ungebaki unapangusa vumbi."

Orodha ilikaa kwenye simu yake, na simu ilikuwa na nywila ambayo hata mkewe hakuijua.

Kampuni ikakua. Subilaga akaajiri wanawake wanane wa kumenya ndizi. Na kadiri ilivyokua, ndivyo wale watatu walivyovimba. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini hawa waliivuta mpaka ngoma ikakosa mlio. Ambakisye alikiita cheti "kile kikaratasi." Gwantwa aliliita kaushio "lile pipa." Lusajo aliwaita wote wawili watu wa analojia. Subilaga aliwasikiliza akiwa ameinamia kisu chake, na ndani ya moyo wake alikuwa amekwisha kuwachoka. Aliona watu watatu wazima wakiringia vitu vitatu, na kitu cha mmoja hakina maana bila cha mwenzake.

Sasa sikilizeni lilipotokea balaa.

Umoja wa wajasiriamali wa wilaya ukatangaza kwamba kampuni ya Subilaga imekua kuliko zote mwaka ule, na zawadi ni ng'ombe mtamba mwenye mimba ya miezi sita. Sharti likawa moja: apewe mtu mmoja, yule ambaye bila yeye kampuni isingekua. Mtamba asiuzwe, asichinjwe, asimilikiwe kwa ubia. Jina aliandike mwenye kampuni, na lisipoandikwa kufikia Ijumaa mchana, mtamba anakwenda kwa kampuni inayofuata.

Subilaga aliposikia neno mtamba alifikiria samadi. Ndizi zote zilitoka kwenye shamba la mama yake, na shamba lile lilikuwa limechoka. Mikungu ilizidi kuwa midogo kila mvuno. Bila samadi, baada ya miaka miwili angekuwa ananunua ndizi sokoni kwa bei ya watu wengine. Hilo hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa asubuhi ofisa wa umoja, Bi Tusekile, alifika na fomu, akakaa kwenye kigoda katika kibanda cha kumenyea. Wale watatu walikuwa wamefika kabla yake, wamevaa zile fulana za semina.

Ambakisye akautoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza kidoleni. "Shemeji, mimi si mtu wa maneno mengi," akasema, na hapo akawa amekwisha kudanganya. "Jina likiwa la mwingine, leo hii nang'oa kaushio langu."

"Ng'oa," akasema Gwantwa. "Mwenzangu, kumbuka cheti kina jina la nani. Nikiandika barua moja tu, unga wako unashuka kwenye rafu zote."

Lusajo akapangusa miwani. "Mimi sitishi mtu, dada. Nasema tu kwamba wateja mia sita wako humu, na ni rahisi sana kufuta."

Bi Tusekile akawatazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mahali pa kutemea. Kisha akamgeukia Subilaga. "Na wewe mama, wewe ulileta nini?"

Kabla hajajibu, Ambakisye akacheka, na wenzake wakamfuata. "Huyu?" akasema Gwantwa. "Huyu alileta ndizi."

"Ndizi ziko kila mahali, dada," akasema Lusajo kwa upole, ule upole wa kumwelewesha mtoto.

Subilaga akamenya ndizi nyingine. Ndizi ya unga hukatwa siku chache tu kabla haijakomaa sana. Ukiwahi unga unakuwa mchungu, ukichelewa unanata. Siku hizo alizijua yeye na mama yake, kwa kuutazama mkungu, na katika wale watatu hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini uji wa Subilaga haunati.

"Jina lako nalo linaruhusiwa," akasema Bi Tusekile. Safari hii hakuna aliyecheka.

Subilaga akaipokea kalamu kwa vidole vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu. Aliwadharau wale watatu kwa moyo wake wote. Akajidharau na yeye, kwa kuacha ufunguo, cheti na nywila vilale nyumba tatu tofauti, hakuna hata kimoja kilicholala kwake. Na bado aliwahitaji. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kile kicheko.

Haya, nanyi mliokuwa mkitikisa vichwa, msiniletee majibu ya mkato. Msiniambie wagawane, mmesikia sharti. Msiniambie wapatane, watu wale hawakuweza kupatana hata juu ya rangi ya mfuko. Akiandika Ambakisye, anabaki na kaushio, unga hauna rafu wala oda. Akiandika Gwantwa, ana alama ya kubandika kwenye ndizi zenye ukungu. Akiandika Lusajo, wateja mia sita watapata ujumbe kuhusu unga usiokuwepo. Akiandika jina lake, shamba linapona, na jioni hiyohiyo kampuni haina kaushio, haina cheti, haina mteja. Asipoandika, mtamba anavuka mto kwenda kwa wengine, wale watatu wanabaki naye, na shamba linaendelea kufa.

Bi Tusekile ameshaangalia saa mara mbili. Wanawake wanane wameshusha visu vyao, wanamtazama Subilaga, wanataka kujua kama Jumatatu wana kazi.

Je, kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?