Picha ya Banda la Mama Mkwe

Wahenga waliposema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walimaanisha kuwa karaha ya jambo huijua yule anayeishi nalo, wala si yule anayelisifu kwa mbali. Felix wa Nkende aliifahamu methali hiyo tangu shuleni, na hata kwenye mtihani aliieleza vizuri. Kuielewa kulimchukua muda mrefu zaidi.

Felix alikuwa fundi wa tovuti. Chama kimoja cha wafugaji kilimpa kazi ya kutengeneza fomu ya mtandaoni ya kuombea mitamba wa maziwa. Kila mwombaji alitakiwa kujaza maelezo yake na kupakia picha ya banda alilojenga, ili kamati ijiridhishe kwamba mtamba hatalala mvuani. Felix, mtu asiyependa vitu hafifu, aliweka sharti kwamba picha iwe kubwa na angavu. Akaijaribu ofisini kwake mjini Tarime, ambako mtandao ni wa kasi, na picha ikapita kufumba na kufumbua. Jioni ile alijisifu mbele ya mkewe, Robi, mpaka chai ikapoa.

Haikupita wiki, malalamiko yakaanza kuja kutoka vijiji vya Nyanungu. Picha hazipandi, watu walisema. Felix aliwajibu wote kwamba wasome maelekezo.

"Fomu haina tatizo," alimwambia Robi. "Tatizo ni uvivu wa kusoma."

Miongoni mwa hao wavivu alikuwamo mama mzazi wa Robi.

Bhoke, mama yake Robi, alikuwa mjane. Ng'ombe wake wote walikufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, na tangu hapo alikuwa akinunua maziwa ya chai kwa jirani. Kwa mwanamke wa Kikurya aliyezaliwa kwenye zizi lililojaa, hiyo ni aibu inayouma kila asubuhi. Ndiyo maana alijenga banda kwa mikono yake, akalipaka udongo, akaliezeka bati jipya na kuweka hori la mbao. Lililobaki ni picha, na picha ilikataa kwenda. Ilipofika siku ya mwisho ya maombi, Robi alishindwa kuvumilia.

"Baba Mogesi," alimwambia mumewe, "mama atakosa ng'ombe kwa sababu ya fomu yako. Twende."

Wakapanda pikipiki. Felix aliamini kwamba ingekuwa kazi ya dakika chache tu.

Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani kwa mila ya Wakurya. Walipofika Nyanungu, Felix alisimama nje ya ua, akaugeuzia mgongo na kutoa shikamoo yake. Bhoke akaitikia marahaba akiwa nyuma ya banda. Simu ya Bhoke ikasafiri mikononi mwa Robi hadi kwa Felix, pamoja na ujumbe kwamba mtandao unapatikana juu ya mawe, ng'ambo ya shamba la mihogo.

Felix alipanda. Juu alimkuta mzee mmoja, Mseti, ameinua simu kichwani kama mtu anayeomba mvua. Felix akajaza fomu, akachagua picha, akabonyeza. Mstari wa kupakia ukatambaa kwa mwendo wa kinyonga, na ulipokaribia mwisho mtandao ukakatika. Fomu ikafutika yote, hata jina la Bhoke. Akajaza upya, ikafutika tena. Safari iliyofuata bando likaisha.

"Usijisumbue, kijana," Mseti alisema kwa upole. "Aliyetengeneza hii fomu hatupendi."

Felix alitamani jiwe lipasuke limmeze. Hakuthubutu kujitambulisha. Alinunua bando jingine, akatoa kompyuta yake kwenye begi na kuketi palepale juani. Aliliondoa lile sharti lake la ukubwa. Akapanga simu yenyewe iipunguze picha kabla ya kuituma. Akapanga pia kwamba mtandao ukikatika, maneno yaliyojazwa yabaki, na picha iendelee kutoka ilipoishia. Marekebisho yenyewe yalikuwa maandishi matupu, mepesi, nayo yalipita kwa kusuasua.

Akabonyeza tena. Mtandao ukakatika, ukarudi, na picha ikaendelea na safari yake hadi ikafika. Felix alifurahi kuliko siku aliyolipwa kazi hiyo. Akamsaidia Mseti, na ya Mseti ikafika pia.

"Kumbe wewe ni fundi," mzee alisema.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza, mzee. Naomba msamaha."

Mseti alicheka mpaka akakohoa.

Maombi ya Bhoke yalikubaliwa, akaletewa mtamba mwenye mimba. Mtamba huyo alipozaa, Robi alikwenda kumtazama, akarudi Nkende na kibuyu cha maziwa. Felix alikunywa kikombe, akaongeza kingine, kisha akauliza ng'ombe huyo amepewa jina gani.

"Kunguni," Robi alisema, akijikaza asicheke. "Mama amesema wewe utaelewa."

Mila haimruhusu mama mkwe kumtania mkwe wake, lakini haikatazi kumpa ng'ombe jina. Felix alicheka hadi machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo hakabidhi fomu yoyote kabla ya kupanda nayo kwenye yale mawe ya Nyanungu, kwani hakika kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.