Sahani ya Mtu wa Ng'ambo

Mtu mmoja alikuwa na nyumba njema ng'ambo ya mto, na ng'ombe, na makaburi ya baba zake. Jina lake Kihwele. Mwenye nchi ya upande huu akampelekea neno: yaache hayo yote, uje, nitakupa shamba. Shamba lenyewe hakuonyeshwa. Kihwele akaamini. Akakata mti mrefu wa kupimia kina, akamshika mkewe mkono, wakavuka kwa miguu penye mawe. Kila nikifika hapa moyo hunidunda, ndugu zangu, maana huyo hakuwa kijana anayetafuta maisha. Alikuwa na mvi.

Watu wa upande huu hawakumwuliza jina. Walimwita Mtu wa Ng'ambo, wala hawakulitamka kwa heshima. Penye harusi au msiba alialikwa, lakini sahani yake iliwekwa kando, karibu na mlango, ale peke yake na walio wake. Kihwele hakununa. Alikula akashiba, akashukuru. Tena akaweka desturi nyumbani kwake: kila mtoto akishaweza kutembea sawasawa, wakati wa kiangazi alimvusha mpaka ng'ambo, kisha wakarudi, mtoto akipapasa mawe kwa ule mti. Alisema jina lile halirithiwi kama shamba. Kila mmoja alipate kwa miguu yake mwenyewe.

Kihwele akafa. Mjukuu wake Lugano, ambaye babu alimvusha utotoni, akafanikiwa kuliko wenyeji. Akachoka kula mlangoni, na nani asingechoka? Akaanza kusema kwamba ukoo wao ulikuwa hapo tangu zamani za kale. Watoto wake hakuwapeleka mtoni hata mmoja. Mti wa babu akaulaza juu ya meko, ukawa wa kuanikia nyama. Wazee waliujua ukweli, ila mali yake iliwapendeza, wakajifanya hamnazo, wakampa nafasi kwenye sinia lao. Mmoja wao akamposea mwanawe binti wa Lugano, jina lake Sekela. Lugano akaona sasa amefika.

Mvua zikaanza. Asubuhi moja kelele zikasikika kutoka ng'ambo. Wanyang'anyi walikuwa wamechoma vijiji vya kule, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama ukingoni akipunga kitambaa, moshi ukiwa nyuma yake. Maji yalikuwa yanapanda. Aliyeyajua mawe angeweza bado kupita, kwa muda mfupi tu, asiyeyajua angekufa. Kijiji kizima kikasimama kutazama. Lugano alikuwa katikati ya wazee, na miguu yake iliyakumbuka mawe yale, moja baada ya jingine. Akivuka, kila mtu atajua alijifunzia wapi, na hapo wazee hawataweza tena kujifanya hawajui. Sinia litakwenda na maji, na posa ya binti yake pia. Asipovuka, mama yule na mwanawe watakufa mbele ya macho yake. Aliogopa, nami simlaumu.

Ghafla akakimbia nyumbani, akauvuta ule mti, mweusi kwa moshi. Mzee aliyemposea mwanawe Sekela akamzuia njiani, akamwuliza anakwenda wapi nao.

"Mimi ni mtu wa ng'ambo, mzee wangu," Lugano akasema. "Anayeitwa pale ni mimi."

Akaingia. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, na mti haukulikosa hata jiwe moja. Akarudi, mtoto shingoni, mama ameshika ncha ya mti. Ningekuwapo ningecheza pale pale kwenye matope.

Siku ile kijiji kilipika kwa furaha. Lakini desturi ni desturi: sahani ya mgeni iliwekwa karibu na mlango, na ya Lugano kando yake. Akaenda akaketi hapo, na watu wakainamisha macho. Ndipo Sekela akainuka kwenye sinia la wakwe zake, akaja akaketi chini karibu na baba yake, akamwomba kiangazi kikifika amvushe naye. Lugano akalia, akala akilia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo siwezi kutulia. Neno Mwebrania, wako wanaolitoa kwa Eberi, babu wa zamani wa Abramu. Wako wanaolitoa kwenye kuvuka, kwamba ni mtu aliyetoka ng'ambo ya mto. Sigombani na wale wa kwanza. Lakini tazameni neno hilo linapotokea mara ya kwanza katika Biblia: ni pale mtu aliyeponyoka vitani alipomjia Abramu Mwebrania kumpa habari, na Abramu akatoka kwenda kuwaokoa waliotekwa. Tazameni Misri, ambako watu hawakukubali kula pamoja na Waebrania. Na mbele ya Farao wa nchi hiyo hiyo, Mungu akajiita Mungu wa Waebrania. Jina lililowekwa mlangoni, Yeye akaketi nalo.

Basi sisi tuliovushwa, ambao leo tumepata nafasi kwenye sinia, yule anayepunga kitambaa ng'ambo amwite nani?