Kupe wa Kwenye Flashi

Ngano jamani, ngano!
Ilete!
Niilete tamu au niilete kavu?
Kavu hivyo hivyo!

Hapo zamani za kale wanyama wote walisoma wakapata digrii, na kazi zote zikabaki kwa Simba. Nguchiro alikuwa na First Class na njaa. Vyeti vyake vyote vilikuwa kwenye flashi moja, kaivaa shingoni kama hirizi.

Siku hiyo Simba akatangaza nafasi ya karani, mwisho jua kuzama. Nguchiro akaapa kwamba akiikosa hii, basi ni kurudi kwa shangazi kuchimbua mende.

Njiani akapita kibandani kwa Ngedere, muuza muvi. Akamchomekea flashi ile ile ya vyeti, awekewe muvi ya kusherehekea kazi. Sasa, ndani ya kompyuta ya Ngedere aliishi Kupe, kirusi wa kompyuta. Kupe huyu hana miguu, hana mabawa, havunji mlango. Husubiri abebwe, kisha afunguliwe. Akajipa jina zuri, Muvi Mpya, akajilaza katikati ya vyeti.

Nguchiro akafika steshenari kwa Kanga, aprintiwe barua.

"Ngoja niiskani flashi kwanza, kaka, isije ikawa na virusi."

"Excuse me, dada. Mimi ni graduate. Flashi yangu unaionaje, ya mchafu?"

Kanga akaichomeka hivyo hivyo, mteja asikimbie. Nguchiro akabofya Muvi Mpya aone kama inacheza. Haikucheza. Kupe akatoka, akazaa humo kwenye kompyuta ya Kanga. Flashi ya Nyumbu ikachomekwa, ikaondoka na mtoto. Ya Pundamilia, ikaondoka na mtoto. Ya Digidigi vilevile. Na zote zilikuwa zinaelekea kwa Simba.

Kwa Simba, mzee Kobe wa mapokezi akauliza kama flashi imekaguliwa. Nguchiro akasema imetoka steshenari sasa hivi. Kobe akachomeka, akafungua.

Jua likazama.

"Mzee, angalia tena. Nimeisotea ile digrii."

"Jina la cheti lipo, mwanangu. Ndani hamna kitu."

Ya Nyumbu hivyo hivyo, ya wote hivyo hivyo. Simba akasema basi, kwa kuwa hakuna mwenye vyeti, kazi apewe mpwa wake. Mpwa hakuwahi kuwa na cheti hata kimoja, kwa hiyo Kupe hakumkuta na cha kula.

Nguchiro akarudi kwa Kanga, akaiweka flashi mezani.

"Iskani, dada."

"Sasa?" akauliza Kanga.

Funzo ni hili: kirusi hana miguu, miguu yake ni sisi. Kagua flashi ya rafiki, kagua na yako, usifungue usichokijua, na vyeti viweke nakala pengine. Ama dawa ya mpwa wa Simba, hiyo bado tunaitafuta.

Ngano yangu naichomoa hapa. Anayeibeba aikague kwanza.